Kiti cha Kulia Chakula: Mafundi wa Kale wa Uingereza na Mninga wa Mpanda



Kabla sijaanza, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Ikiwa umeketi juu ya kiti cha mbao, simama, ukipindue kiti hicho, ukitazame upande wa chini, mahali ambapo mgeni hapatazami. Angalia jinsi mguu ulivyounganishwa na kikalio. Je, waona ulimi wa ubao ulioingia ndani ya tundu, au waona vichwa vya misumari? Angalia pia uso wa ubao usiopigwa randa. Ukiona mistari iliyonyoka, basi yaelekea ubao huo ulipasuliwa kwa msumeno wa mkono, mtu mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake chini shimoni. Ukiona mistari iliyopinda kama upinde, basi ubao ulipasuliwa na mashine yenye msumeno wa duara.

Sasa nitakuambia jambo la kushangaza. Huko Uingereza ziko meza za kulia chakula zenye umri wa miaka mia mbili na zaidi. Ukiinama chini ya meza hizo, mara nyingi utaona mistari ile ile iliyonyoka. Wapasuaji wa mbao wa London mwaka 1780 walifanya kazi kama wafanyavyo wapasuaji wa porini kwetu: mmoja juu, mmoja chini, na unga wa mbao ukimwangukia machoni yule wa chini. Msumeno ni ule ule na jasho ni lile lile. Lakini meza zile zingali zikitumiwa hata leo, na viti vyake havijalegea. Je, kwa nini kiti chetu cha mninga, mti usioshindwa na mti wao kwa uzuri wala kwa uimara, huanza kuyumba baada ya miaka michache tu? Hilo ndilo swali la somo letu.

Mtindo ulivyoanza

Tuanze na historia. Katikati ya karne ya 18 matajiri wa Uingereza walipenda viti vyenye miguu iliyopinda kama miguu ya wanyama, na michongo mingi ya majani na maua. Fundi aliyejulikana sana wakati huo ni Thomas Chippendale wa London, ambaye mwaka 1754 alitoa kitabu kikubwa cha michoro ya samani.

Lakini wakati huo huo habari mpya zilikuwa zikitoka Italia. Watu walikuwa wakifukua miji miwili ya Warumi wa kale, Herculaneum tangu mwaka 1738 na Pompeii tangu mwaka 1748. Miji hiyo ilifunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Kwa mara ya kwanza watu waliona nyumba za kale zilivyokuwa ndani: kuta zilizochorwa, mitungi, taa, na hata vitanda.

Kijana mmoja wa Uskoti, jina lake Robert Adam, alikwenda Italia mwaka 1754 kujifunza ujenzi. Mwaka 1757 alivuka bahari mpaka Split, katika nchi ambayo leo ni Kroatia, akapima na kuchora magofu ya jumba la mfalme Diocletian wa Roma. Aliporudi London alianza kujenga nyumba za matajiri kwa namna mpya, naye hakuishia kwenye kuta. Alichora pia dari, mazulia, meza na viti, ili kila kitu chumbani kipatane na mwenziwe kama sauti za waimbaji wa kikundi kimoja.

Mtindo huo wataalamu huuita klasiki mpya, maana yake ni kuyarudia mambo ya Wagiriki na Warumi wa kale kwa namna mpya. Alama zake ni rahisi kuzikumbuka. Mguu wa kiti haupindi tena, bali umenyoka na kupungua unene kuelekea chini, kama nguzo ndogo. Mara nyingine umechongwa mifereji myembamba kutoka juu hadi chini. Mapambo ni madogo: shada la majani, ua la duara, mtungi wenye mikono miwili. Hata Chippendale aliifuata njia hiyo mpya. Samani alizotengeneza kwa ajili ya jumba la Harewood, huko Yorkshire, zaonyesha wazi kwamba fundi mkubwa hakuona haya kujifunza upya.

Vitabu viwili vya mafundi

Robert Adam aliwafanyia kazi matajiri wachache. Ni nani basi aliyeufikisha mtindo huu kwa mafundi wa miji midogo? Ni vitabu.

Alikuwapo fundi mmoja wa London aliyeitwa George Hepplewhite. Alifariki mwaka 1786, naye hakuwa mtu mwenye sifa kubwa. Mkewe, Alice, aliendelea na kazi, na mwaka 1788 kilitolewa kitabu chenye michoro karibu 300 kwa jina la marehemu mumewe. Hakuna kiti hata kimoja kinachojulikana kwa hakika kwamba kilitoka mikononi mwa Hepplewhite mwenyewe. Lakini kwa ajili ya kitabu kile jina lake lajulikana dunia nzima. Kiti chenye egemeo la umbo la ngao huitwa kwa jina lake hata leo.

Wa pili ni Thomas Sheraton, aliyezaliwa mwaka 1751 kaskazini mwa Uingereza, katika mji wa Stockton-on-Tees. Kitabu chake kilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1791. Yeye alipenda egemeo la mraba lenye fito nyembamba zilizosimama. Pamoja na elimu yake yote, Sheraton alifariki maskini huko London mwaka 1806. Yafaa tulikumbuke jambo hili: mtu huweza kuwafundisha wengine kazi ya kuwapa mkate, naye mwenyewe akaukosa.

Vitabu hivyo havikuwa vya maneno matupu. Hepplewhite alitoa vipimo. Kwa kiti cha kawaida alisema upana wa mbele uwe inchi 20, kina cha kikalio inchi 17, kimo cha fremu ya kikalio inchi 17, na kimo chote cha kiti kiwe kama futi 3 na inchi 1. Kwa vipimo vya leo hizo ni sentimita 51, 43, 43 na 94 hivi. Chukua futikamba, upime kiti chako. Hapana shaka utaona hesabu zinakaribiana, kwa kuwa mgongo na magoti ya binadamu hayakubadilika tangu mwaka 1788.

Chumba cha kulia chakula

Zamani Waingereza wengi walikuwa na meza ndogo za kukunja, zikiletwa wakati wa chakula na kuondolewa baadaye. Katika karne ya 18 matajiri walianza kutenga chumba maalumu cha kulia, na chumba hicho kilihitaji samani za namna tatu.

Ya kwanza ni meza. Fundi alitengeneza vipande viwili vyenye umbo la nusu mwezi, na katikati meza yenye mbawa za kukunja. Siku za kawaida vile vipande viwili vilisimama ukutani kama meza ndogo za pambo. Wageni walipokuja, vyote viliunganishwa, ikawa meza moja ndefu. Baadaye walipenda meza iliyosimama juu ya nguzo, kila nguzo ikiwa na nyayo tatu au nne zilizotandaa, na mwisho wa kila unyayo kigurudumu kidogo cha shaba. Faida yake ni kwamba mlaji hagongi goti katika mguu wa meza. Mwaka 1800 Richard Gillow, wa jamaa ya mafundi wa mji wa Lancaster, alipewa hataza ya meza inayovutwa ikawa ndefu, na mbao za ziada zikapangwa katikati.

Ya pili ni viti. Viti vya kulia vilitengenezwa kwa seti, vyote vikifanana, ila viwili vilikuwa na mikono. Viti hivyo viliwekwa kwenye ncha mbili za meza, mahali pa baba na mama wa nyumba. Vikalio vilifunikwa mara nyingi kwa kitambaa kilichofumwa kwa singa za farasi, kwa kuwa hakichakai upesi na hupanguswa kwa urahisi mchuzi ukimwagika.

Ya tatu ni kabati la vyombo. Hapo mwanzo Robert Adam aliweka meza ndefu ukutani, na kila upande akasimamisha kabati jembamba lenye mtungi wa mbao juu yake. Mtungi mmoja huweza kuwa na maji ya kuoshea, mwingine visu. Mafundi waliofuata waliviunga vitu hivyo vyote kuwa kitu kimoja: kabati la mbele lililopinda kidogo, lenye miguu sita au zaidi, na watoto wa meza wa kina kirefu kwa kuwekea chupa.

Mapambo ya samani hizo yalikuwa njumu. Sisi watu wa Afrika Mashariki twaijua njumu, kwa maana kiti cha enzi cha mafundi wa pwani, wa Lamu na kwingineko, kilitiwa njumu ya pembe. Mwingereza alitia njumu ya mbao ndani ya mbao: uzi mweupe wa mti mgumu katika ubao mwekundu, kwa upana usiozidi uzi wa kushonea sana. Kazi hiyo haikubali haraka. Mkono ukitetemeka mara moja, mstari umeharibika.

Mahogani ilitoka wapi

Sasa tufike mahali pagumu pa somo hili. Ule ubao mwekundu ulikuwa mahogani, mti wa jamaa moja na mkangazi wetu. Haukui Uingereza. Mwaka 1721 serikali ya Uingereza iliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika na visiwa vya Karibi. Ndipo magogo ya mahogani yalipoanza kumiminika, kwanza kutoka Jamaica, kisha kutoka Kuba na Hondurasi.

Ni nani walioikata miti ile? Ni Waafrika waliouzwa utumwani. Katika msitu wa nchi iitwayo leo Belize, mtumwa mmoja mwenye macho makali alipanda mti mrefu, akatazama juu ya msitu mzima kutafuta rangi ya majani ya mahogani. Wenzake walikata na kuvuta magogo mpaka mtoni. Watumwa wa makoloni ya Uingereza katika visiwa vile hawakuachwa huru kwa sheria mpaka mwaka 1834, na hata hapo wengi walifungwa na kazi ya lazima mpaka mwaka 1838. Kwa hiyo meza ile nzuri tuliyoisifu ina historia mbili: ya mkono wa fundi, na ya mgongo wa mtumwa. Mtu akiisimulia moja na kuificha nyingine, hakusema kweli yote.

Na msitu ulipata nini? Kabla karne ya 18 haijaisha, miti mikubwa ya Jamaica ilikwisha kuwa adimu, na wafanyabiashara wakahamia kwingine. Mahogani ya Kuba ilifuata njia hiyo hiyo. Leo biashara ya mahogani hizo inalindwa na mkataba wa kimataifa uitwao CITES. Meza zimebaki, miti imekwisha.

Nasi wa Mpanda

Hapo ndipo ninapotaka turudi nyumbani. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, ni nchi ya miombo. Ndani ya miombo hiyo kuna mninga na kuna mkurungu, nayo ni miti ya jamaa moja. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950, hasa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini njia ilibaki wazi kwa mizigo mingine. Wakati wa utawala wa Waingereza, samani nyingi za nyumba za maofisa Tanganyika zilitengenezwa kwa mninga na mvule, wala si kwa mahogani. Hata leo fundi wa Mpanda anayechonga mguu mnyoofu unaopungua kuelekea chini anachonga umbo lile lile la vitabu vya mwaka 1788 na 1791.

Mninga una sifa gani? Moyo wake ni wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na dhahabu au wekundu. Ukikaushwa vyema, hausinyai sana wala haupindi ovyo. Ubao mweupe wa nje ni dhaifu, huliwa na wadudu, na muuzaji asiye mwaminifu huupaka rangi ili ufanane na moyo. Ukikatwa, mti hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Lakini mti huu hauna haraka. Miaka yake ya kwanza mche hukauka juu kila kiangazi, ukachipua tena mvua zinapokuja. Wakati huo wote unaimarisha mzizi chini ya ardhi, ili siku moja uweze kuushinda moto wa porini. Baada ya hapo bado huweza kuchukua miaka 80 au zaidi mpaka ufikie unene wa kupasuliwa mbao nzuri. Mzee aliyeuona ukiwa mche huenda asiwepo siku ya kuupasua.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Tuseme mti umekua miaka 80, nasi tukatengeneza viti vinavyodumu miaka 8. Kabla mti mwingine haujakua mahali pake, nyumba ile itakuwa imehitaji viti vipya mara kumi. Msitu hauwezi kulipa deni hilo. Lakini kiti kikidumu miaka 80, msitu na nyumba vimelipana sawasawa. Hii ndiyo siri ya mafundi wale, ingawa wao wenyewe hawakuwaza habari za msitu: kiti kidumu angalau miaka mingi kama ile mti uliyoishi.

Je, kiti kidumuje? Mambo ni matatu.

Kwanza, kausha ubao. Kanuni ya zamani ya mafundi wa Ulaya ilikuwa mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene, mbao zikipangwa kivulini na vijiti katikati yake ili upepo upite. Ubao mbichi husinyaa baada ya kuungwa, ulimi ukalegea ndani ya tundu. Wengi hulaumu gundi, kumbe kosa ni la haraka.

Pili, unga kwa ulimi na tundu, wala usitegemee misumari. Msumari hushika mahali padogo tu, na kila mtu anapoegemea nyuma hupanua tundu lake. Ulimi uliokazwa vyema hushika kwa pande zake zote.

Tatu, pima na upunguze. Kiti chembamba kilichopimwa vizuri hushinda kiti kizito kilichopigwa ovyo. Mafundi wa mtindo ule walitumia ubao kidogo mahali pasipo na kazi, na ubao wa kutosha kwenye kiungo. Huko ni kuheshimu mti.

Utaniambia: "Mwalimu, mnunuzi hataki kungoja mwaka mzima, wala hataki kulipa bei ya kazi hiyo." Ni kweli, nami sitakudanganya kwamba ni jambo rahisi. Fundi ana watoto wa kusomesha. Lakini angalia upande wa pili. Tangu mwaka 2019 biashara ya mkurungu kwenda nchi za nje inasimamiwa na ule mkataba wa CITES, na katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022 jamaa yote ya miti hiyo katika Afrika, na mninga ndani yake, iliingizwa. Maana yake dunia imekwisha kuona dalili zile zilizoonekana Jamaica. Hapa nyumbani, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali kwa uvunaji, nayo huviruhusu vijiji kutenga misitu yao wenyewe. Vijiji kadhaa vya Wilaya ya Tanganyika vimeanza kupata fedha kwa kuutunza msitu uliosimama. Gogo linaloondoka Mpanda likiwa gogo huacha fedha kidogo. Likiondoka likiwa kiti kitakachorithiwa na wajukuu, huacha fedha, ufundi na jina.

Muhtasari

Tumejifunza kwamba mtindo wa klasiki mpya ulitoka katika magofu ya Warumi, ukaletwa Uingereza na Robert Adam, ukaenezwa na vitabu vya Hepplewhite na Sheraton. Tumejifunza kuwa mahogani yake ilikatwa na watumwa, na misitu yake ikaisha. Na tumejifunza kuwa mninga wetu ungalipo, ila hauna haraka.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika nyumba zenu, kiti kipi kina umri mkubwa zaidi? Kwa nini kimedumu?
2. Kipimeni kwa vipimo vya Hepplewhite. Kimezidi wapi, kimepungua wapi?
3. Mnunuzi na fundi wafanyeje ili ubao upate muda wa kukauka?
4. Katika kijiji chenu, ni nani anayejua mahali ilipo miche ya mninga, na ni nani anayeilinda na moto?

Jibuni maswali haya kabla ya somo lijalo. Na sasa, ndugu yangu, kirudishe kiti chako mahali pake, ukikalie. Kwaherini.